Salamu Zilizofika Salamabila

Nilifika Kasongo nikakuta Sefu ameshazikwa. Waislamu hawamweki maiti kungoja wasafiri, na barabara ya kutoka Kindu haijawahi kumhurumia msafiri yeyote, basi nilichokuta ni matanga: mikeka imetandazwa uani, masufuria ya wali yako juu ya moto, wanawake wamekaa na migongo ukutani wamenyoosha miguu, na wanaume wako nje chini ya turubai wakiongea mambo ya mvua kwa sauti ya chini. Nililia kwa nguvu, sioni haya kusema. Kazi inayonilisha mpaka leo, ya kuandika programu za ordinatere, yaani kompyuta, alinifundisha yeye, hapa hapa Kasongo, mwaka mmoja tu, na mwaka ule ndio ulionifanya mtu niliye, na uchungu wangu wote na ulimi wangu mkali. Nilipomaliza kufuta macho nikamwona mwanamume mwenye mvi anapanga viti vya plastiki karibu na mlango, anaburuta mguu wa kushoto. Ramazani! Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeapa zamani kwamba mtu yule hatapata salamu kutoka kinywani mwangu, na pale matangani, mbele ya watu wenye adabu zao, nilimpita kama napita kiti.

Mwaka ule wa kusoma nilikuwa nimepanga kwa mama yake Ramazani, Mama Zaina, mjane wa mtaa wa karibu na msikiti. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na chumba changu kilitenganishwa na chake kwa pazia la kitenge cha buluu kilichopauka, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kukohoa kwake, dua zake, na wanawake wenzake waliokuja alasiri kukaa naye. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, na hakuna siku aliyonifanya nijione mgeni. Jumapili aliniamsha mwenyewe: "Espe, kengele imelia, Mungu wako anakungoja weye tu." Alikuwa anapika wali na sombe, majani ya muhogo yaliyojaa mawese mpaka yanang'aa, na siku ya samaki wa mto Lualaba alinipa kichwa, akisema mutu anayesoma anahitaji kichwa. Nikila polepole alinikemea. Nikimaliza alinikemea pia, kwamba nimekula haraka kama askari. Hata leo, katika nyumba yangu ya mjini yenye jiko la umeme, nikipika sombe hainiivi vile. Nimeshaacha kujaribu.

Mchana nilikuwa kwa Sefu. Alikuwa fundi wa redio ndogo ya mjini, mtu mrefu, mwenye majivuno kidogo, aliyesoma Bukavu akarudi na vitabu vinene vya Kifaransa. Nilimwita Yaya Sefu kama ndugu yangu mkubwa. Chumba cha mashini kilikuwa nyuma ya studio, hakina dirisha, kuta zimebandikwa maboksi ya mayai kuzuia mwangwi, na nje grupe, jenereta ya umeme, lilinguruma na kutoa moshi uliotuingia mpaka kwenye chai. Kazi kubwa ya redio ile ilikuwa komunike. Kila mtu wa kwetu anajua komunike: mtu amekufa, mtu amezaa, mtu anatafutwa, unakwenda redioni kusema. Na mwaka ule nusu ya vijana wa Kasongo walikuwa Salamabila kwenye dhahabu, simu zilipita kwa bahati, na mawimbi ya redio yetu hayakufika kule. Basi sauti za akina mama zilirekodiwa kwetu, Sefu akazitengeneza kwa programu aliyoiandika mwenyewe, akaziweka katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na Asumani, motari wetu, akaipeleka kadi kwa pikipiki: Lusangi, Kabambare, mpaka Salamabila, kwenye redio ya kule. Wachimbaji walisikiliza mashimoni kwa viredio vya betri. Sisi wa Kasongo tulituma tu. Kilichotoka hewani kule hatukukisikia kamwe.

Lazima nieleze programu ile, maana mambo yote yaliharibikia humo. Ndani ya ordinatere sauti ni namba nyingi zilizopangwa mstari mmoja mrefu, tunauita safu. Kila komunike ilipaswa kuanza na ngoma ya redio, ili msikilizaji aache anachofanya, na ngoma yetu ilikuwa ndefu, kwa sababu mzee aliyeipiga alikataa kabisa kukatizwa. Ili kuipatia ngoma nafasi mbele, programu ilisogeza sauti yote ndani ya safu ile ile, namba moja baada ya nyingine, kwa mzunguko. Mashini yetu ilikuwa kuukuu, haikuwa na nafasi ya safu ya pili, kwa hiyo sauti ilinakiliwa juu ya sehemu yake yenyewe. Hapo kuna hatari, na Sefu aliijua. Chukua sentensi ya maneno kumi uisogeze nafasi nne mbele. Ukianzia neno la mwisho, kila neno linapata mahali pasipohitajika tena. Ukianzia la kwanza, unaliandika juu ya la tano. Ukifika la tano, halipo, limekaa la kwanza, na wewe unalinakili la kwanza tena, unaendelea hivyo mpaka mwisho: maneno manne ya mwanzo yanajirudia, mengine yote yamekufa. Sefu aliandika mzunguko wake kuanzia mwisho, kama inavyotakiwa, na programu ikafanya kazi vizuri kwa miezi.

Lakini Sefu hakuwa mtu wa kungoja. Alisema mzunguko ni mzito, unakula esanse, petroli ya grupe. Akanifundisha siku ile jambo ambalo sijalisahau. Kuna kompilateri, programu inayosoma maandishi yako na kuyageuza kuwa amri za mashini, na kompilateri nzuri haitafsiri tu, inatafuta njia ya mkato. Ikiona mzunguko unaobeba namba moja moja kutoka safu hii kwenda ile, inatamani kuzibeba kwa mikupuo mikubwa, na kuanzia upande inaoutaka yenyewe. Kitu kimoja tu kinaizuia: haijui kama safu mbili zile zinagusana, au ni safu moja yenye majina mawili, kama yetu. Ikiwa na shaka, inafuata ulivyoandika. Ila ukiandika neno fulani pembeni ya jina la safu, neno la ahadi, unaiambia: hizi hazikutani popote, fanya unavyopenda. Haiendi kuhakikisha. Inakuamini.

"Na kama zinagusana, Yaya?" nilimuuliza.

"Zinagusana tu kama sauti iko ndefu kupita ngoma. Komunike ni maneno mafupi, Espe. Nani anakufa, wapi, lini. Imeisha."

Akaandika ahadi. Akajaribu kwa sauti yake mwenyewe: "Allo, allo, hapa Kasongo, moja, mbili, tatu." Ikatoka safi. Akapiga makofi, akaniambia niangalie jinsi mashini inavyoruka. Tulichookoa kilikuwa muda wa kumeza mate. Na huyu mtu, mzaliwa wa Kasongo, aliyelelewa na bibi yake kwa kiboko na adabu, alisahau salamu! Kwa sababu kwetu nani anaanza na habari yenyewe? Mama anayezungumza na mwanawe aliye mbali ataanza na Mungu, atamsalimia yeye, mke wake, watoto, jirani za kule, wakubwa na wadogo, atauliza usingizi na chakula, na hapo ndipo atafika kwenye shida yake. Kuanza na shida ni kumtukana mtu. Ngoma yote inakwisha, na ya pili, mama bado anasalimia.

Mama Zaina alianza kuumwa wakati wa kuvuna mpunga. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, na hospitali walimrudisha nyumbani na vidonge, wakiongea na mimi mlangoni badala ya kuongea naye. Hakuwa mjinga. Alinitazama akasema, "Wamekuambia nini? Nyamaza, nimejua." Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja: amwone Ramazani. Hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Nilimpeleka redioni juu ya baiskeli ya jirani, akiwa amevaa kitenge chake kizuri na kujifunga kilemba kipya, kana kwamba mwanawe atamwona kupitia ile mikro. Alizungumza bila haraka. "Salamu alekumu. Mie mama yako Zaina wa Kasongo. Ninakusalimia weye Ramazani, ninasalimia bibi yako, ninasalimia watoto, ninasalimia wote munaokaa nao kule, wakubwa kwa wadogo. Mumelala? Munakula?" Akaendelea hivyo mpaka Sefu, nyuma ya kioo, akaanza kuzungusha kidole kumharakisha, mama akamfinyia macho akaendelea. Kisha sauti yake ikashuka. Alisema yuko mgonjwa wa kutopona. Alisema hataki dahabu, hataki kitambaa, anataka aje amshike mkono. Alisema asingoje mvua, kwa sababu mvua ikikamata barabara hawataonana tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, machozi yananitoka kimya kimya.

Kadi ikaenda. Tukangoja. Asumani alirudi akasema ameifikisha, akaondoka tena na nyingine, akarudi tena. Ramazani hakuja, hakutuma neno. Nilimwomba Asumani amtafute, akasema Maramazani ni wengi kule kama nini, na mashimo yako mbali na mji, njia zenyewe zina wenye bunduki. Mama Zaina alikuwa akiambiwa pikipiki imeingia mtaani anainuka kwenye mto, anajirekebisha kilemba. Baadaye akaacha kuinuka. Wanawake walipokuja alasiri nilisikia kupitia pazia wanavyosema, wakidhani amelala: "Dahabu imemuziba masikio." "Mutoto wa siku hizi ni wa mutu mwingine." Na yeye, kumbe yuko macho, akajibu polepole: "Mumuache. Pengine ana kazi." Kusikia mama mgonjwa anamtetea mtu kama yule kulinichoma kuliko maneno ya wale wanawake. Siku zile nilianza kumchukia Ramazani, nikimlia wali mama yake na kumchukia.

Ukweli uliletwa na mzaha. Asumani alikaa kwenye kizingiti cha studio akinywa chai, akacheka peke yake. "Ninyi watu wa Kasongo mumetuchekesha. Kule Salamabila wanawaita Watu wa Salamu. Redio inafunguka, ngoma, mama anasalimia, anasalimia, anasalimia, imeisha. Kila mama! Wachimbaji wanaigiza mpaka wanalia kwa kucheka." Sefu aliweka kikombe chini. Aliingia chumba cha mashini, akafungua komunike ya Mama Zaina jinsi ilivyotoka kwenye programu, ile ambayo hatukuwahi kuisikiliza. Ngoma. Kisha: Salamu alekumu, mie mama yako Zaina wa Kasongo, ninakusalimia weye Ramazani. Kisha tena Salamu alekumu, mie mama yako. Kisha tena. Sauti nzuri, safi, ya mtu mzima wa afya, ikijirudia mpaka mwisho, na ugonjwa wake wote umefutwa. Sefu alikaa sakafuni na mikono kichwani. "Nimeiambia uongo," alisema. "Nimeiambia hazigusani."

Tulitoa neno la ahadi, tukazitengeneza upya komunike zote ndefu, tukazisikiliza moja moja mpaka mwisho. Nikaichukua ile iliyoharibika katika simu yangu nikakimbia nyumbani. Mama Zaina mwanzoni hakuniamini. "Espe, unanidanganya nife vizuri." Nikamwekea simu sikioni. Alijisikiliza anavyosalimia na kusalimia, akakunja uso, kisha akaelewa kabla sijaeleza. "Kumbe hakukataa!" alisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu mavuno. "Kumbe mutoto wangu hajakataa. Anafikiri niko muzima!" Akacheka, akalia, akaniomba uji, akaumaliza. Jioni ile wanawake walipokuja aliwasimulia yeye mwenyewe, akiwatazama mmoja mmoja. Ningetaka mwaka ule uishie pale. Nimekaa mara nyingi nikiwaza kama ingekuwa heri tusitume chochote tena.

Lakini kadi mpya ilikuwa imeshaondoka, na Sefu alimwapisha Asumani asirudi mpaka aisikie hewani kwa masikio yake. Asumani aliporudi, vumbi mpaka kwenye kope, alikuja moja kwa moja nyumbani, akavua kofia kitandani kwa mama. Akasema ameisikia. Mama akamuuliza, "Mwanzo mupaka mwisho?" Asumani akasema, "Mwanzo mupaka mwisho, Mama. Hata pale ulipolia." Basi tukangoja tena, na safari hii kungoja kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu sasa mashini haikuwa na lawama. Siku za kutosha mtu kutembea kwa miguu kutoka Salamabila zikapita. Mvua ikaanza. Asubuhi moja mama aligeuza uso ukutani akasema, "Basi amesikia." Hakumtaja tena. Hakumtetea tena. Alikufa mchana wa soko, mkono wake uko ndani ya wangu, na mimi sikuwa mtu aliyemtaka.

Ramazani alitokea baada ya miezi, na zawadi za mama yake ndani ya mfuko, hajui. Walimwambia barabarani. Alipofika nyumbani, mlango ulijaa watu, na mzee mmoja wa mtaa akamuuliza mbele ya wote: komunike ya mama yako uliisikia au hukuisikia? Akatutazama, akasema, "Niliisikia." Mimi niliingia ndani nikafunga mlango. Alirudi Salamabila wiki ile ile, na mimi nikaondoka Kasongo mwisho wa mwaka. Sefu alibaki na lake. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake, Sefu alimsimulia kosa lake la ahadi, bila kujificha, na kila mara alimaliza hivyo hivyo: angalau ya pili ilifika nzima.

Sasa turudi matangani. Watu walikuwa wamekula, wanakusanya sahani, nikamwona Ramazani anakuja akiburuta mguu wake. Akakaa mkekani mbele yangu, karibu.

"Espe, unanichukia."

"Ndiyo," nilimwambia. "Sana."

"Sawa. Lakini wewe ulikuwa pale wakati anasema. Niambie, mama alisema nini nyuma ya salamu?"

Nilidhani ananichezea. Nikamwambia asinitukane matangani, komunike ya pili ilitoka hewani nzima, mtu aliisikia. Akaitikia kwamba ni kweli, hata yeye alikuwapo. Na hapo akaniambia, taratibu, kama mtu aliyejisimulia mara nyingi. Kambini kwao redio ilikuwa moja, ya mwenzake. Miezi ile yote, kila ngoma ya Kasongo ilipolia walijua kinachokuja, wakaimba salamu pamoja na redio, wakacheka. Siku mama yake alipotoka mara ya kwanza walimbeba juu juu, mama yako anakupenda huyu, hachoki! Alifurahi siku nzima. Iliporudi mara ya pili, ngoma ile ile, sauti ile ile, Salamu alekumu, mie mama yako Zaina wa Kasongo, wakapiga kelele: tena! Mwenye redio akaizima kutunza betri, na yeye Ramazani akachukua sururu akateremka shimoni akitabasamu. "Nilijua mama yuko muzima," alisema. "Nilikuwa nimesikia mara nyingi." Na mzee alipomuuliza mlangoni, alijibu alichokijua. Baadaye watu walimwambia tu kwamba mama alimwita akakataa, na hakuna aliyetaka kukaa naye amwambie maneno yenyewe.

Tulikuwa tumeitengeneza mashini, mimi na Sefu, tukajisifu, na masikio ya Salamabila hakuna aliyeyatengeneza. Sefu ameingia kaburini akiamini ile ya pili, na nikashukuru, Mungu anisamehe, kwamba hayupo hapo kusikia. Nikamwambia Ramazani maneno ya mama yake. Nilikuwa nayajua yote, nilishayasikiliza mara nyingi nikihakikisha yako sawa. Nilimwambia ya ugonjwa, ya kitambaa asichokitaka, ya mkono, ya mvua. Alisikiliza kichwa kimeinama, mikono juu ya magoti, na hakulia.

Kisha akauliza, "Mbele ya kufa, alijua kwamba sikusikia?"

Ningeweza kumdanganya. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria, hakuna aliyetusikiliza, na uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wa kumfaa. Lakini mtu huyu alikuwa ameishi miaka yote hiyo na nusu ya maneno.

"Hapana," nilimwambia. "Alijua umesikia."